Dago na Mpaka: Mvuvi wa Pemba na Mvuvi wa Vanga katika Makubaliano ya 1976

Kati ya kisiwa cha Pemba na pwani ya bara pana mkondo wa bahari ambao, mahali penye wembamba, una upana wa kilomita 40 hivi. Mvuvi akitoka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na kuelekeza chombo kusini-magharibi, atafika Tanga. Akielekeza kaskazini-magharibi atafika Kisite, Wasini, Shimoni au Vanga. Safari zote mbili baba zake walizijua, na upepo ni uleule. Lakini ya kwanza ni safari ya ndani ya nchi na ya pili ni ya kwenda ng'ambo. Makala hii inaeleza jinsi safari ya pili ilivyokuja kuwa ya ng'ambo, na jinsi serikali mbili jirani zilivyojaribu, kwa hati fupi waliyokubaliana mwaka 1976, kuchora mpaka baharini bila kumfungia mvuvi njia. Nitadai kwamba hati hiyo ilikuwa na nia njema kuliko nyingi za aina yake, ila ilitazama maji peke yake, na maisha ya mvuvi huyu nusu yake yako nchi kavu.

Nusu hiyo ya nchi kavu ina jina: dago. Wengi wetu tuliosomea Kiswahili mbali na pwani hatukulikuta neno hili darasani, ingawa kwa Mpemba ni la kawaida kama shamba. Kwenda dago ni kuhama na chombo, nyavu na wenzako kufuata samaki kwa msimu, na kupiga kambi katika ufuo wa watu wengine kwa wiki au miezi. Wakojani, watu wa kisiwa kidogo cha Kojani mashariki ya Pemba, ndio wanaosifika zaidi kwa kazi hii. Madago yao yamejulikana pwani nzima, Tanzania na Kenya. Wengine hutoka Tumbe, Msuka, Micheweni na Wete. Kusi inapotulia na kaskazi kukaribia, vyombo huvuka, na kaskazi ikiisha hurudi.

Kambini kuna nahodha, kuna mabaharia, na mara nyingi kuna mpishi. Mapato hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Samaki asiyeuzwa mbichi siku hiyohiyo hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, akawa ng'onda, papa hukaushwa. Kwa hiyo dago linahitaji maji ya kunywa, kuni, kivuli, mahali pa kuanika na mtu wa kununua. Vyote hivi vina wenyewe. Ndiyo maana desturi ya kwanza ya dago haihusu samaki. Nahodha mgeni, kabla ya kutandaza jamvi, huenda kwa wazee wa kijiji, hujitambulisha, husema ametoka wapi na atakaa kwa muda gani. Baadaye kitoweo hupelekwa. Mgeni anayevua kwa namna inayochukiza wenyeji huambiwa, na asiposikia huondolewa. Sheria hiyo haikuandikwa, lakini ilikuwa sheria: ilikuwa na mlango, masharti na adhabu.

Lugha nayo ilisaidia. Kivumba cha Vanga na Wasini, Kichifundi cha Shimoni na Kipemba ni lahaja zinazosikilizana vizuri, na undugu wa ndoa umevuka mkondo huu mara nyingi. Kabla ya kuuliza sheria za serikali zilifanya nini, ni vizuri kukumbuka kwamba zilikuta kitu.

Mpaka wenyewe ulianza nchi kavu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana maeneo yao ya bara na kumwachia Sultani wa Zanzibar visiwa vyake pamoja na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1890 Zanzibar, Pemba ikiwemo, iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1893 mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulielezwa kuanzia Ras Jimbo, karibu na Vanga, kwenye alama ya maji kujaa. Waliochora walikuwa wanatazama Kilimanjaro na nchi za ndani. Bahari hawakuigusa.

Jambo moja la kipindi hiki linasahaulika kwa urahisi. Ukanda wa pwani wa Kenya, pamoja na Vanga, Mombasa na Malindi, haukuwa koloni kama sehemu za bara. Tangu 1895 Waingereza waliutawala kwa niaba ya Sultani na kumlipa kodi, ndiyo maana jina rasmi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Kojani aliyepiga dago Vanga mwaka 1935 hakuwa ametoka katika milki ya mtawala wake. Bendera nyekundu ilipepea Wete na ikapepea Mombasa pia. Alikuwa raia wa Sultani kule, na huku alikuwa juu ya ardhi ya Sultani. Inashangaza kwamba Tanga, ambayo leo ni nchi moja na Pemba, ndiyo iliyokuwa ng'ambo wakati ule: Wajerumani waliitawala hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha Waingereza kwa jina la Tanganyika.

Hali hiyo iligeuka juu chini ndani ya miezi michache. Oktoba 1963 Sultani aliachia haki yake juu ya ukanda wa pwani, na Desemba mwaka huohuo Kenya na Zanzibar zikapata uhuru kila moja kivyake. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Mvuvi hakusogea, mkondo haukusogea, lakini Tanga ikawa nyumbani na Vanga ikawa ugenini.

Hata hivyo, kwa miaka michache hakuna aliyehitaji kujua mpaka wa baharini uko wapi hasa. Haja ilikuja na meli kubwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi nyingi changa ziliona meli za mataifa ya mbali zikivua mbele ya pwani zao, na sheria ya bahari iliyokuwepo, iliyotungwa zaidi na mataifa yenye meli hizo, haikuwasaidia. Kenya ilitangaza bahari ya taifa ya maili 12 mwaka 1969. Tanzania ilikwenda mbali zaidi, ikatangaza maili 50 mwezi Agosti 1973. Na ni Kenya, kwa kazi kubwa ya mwanasheria wake Frank Njenga, iliyopeleka mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari wa maili 200 mbele ya wanasheria wa Asia na Afrika, na mwaka 1972 mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Wazo hilo baadaye liliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Ni mchango wa Afrika Mashariki katika sheria ya dunia ambao hatuutaji vya kutosha.

Sasa, nchi mbili jirani zikisogeza mipaka yao baharini kwa wakati mmoja, lazima zigusane. Maofisa walikutana mara kadhaa kati ya 1972 na 1975. Matokeo yake hayakuandikwa kama mkataba wa kurasa nyingi wenye muhuri wa nta. Yalikuwa barua mbili: ya Kenya ya tarehe 17 Desemba 1975, na ya Tanzania ya kuikubali, ya tarehe 9 Julai 1976. Siku ya barua ya pili ndiyo siku makubaliano yalipoanza kutumika.

Sehemu kubwa ya barua hizo ni jiometri. Mstari unaanzia Ras Jimbo, unapita kati ya Pemba na pwani ya Kenya, kisha unageuka na kwenda mashariki kwa kufuata latitudo. Kwa kuwa Pemba imetokeza baharini, mstari wa masafa sawa ungeupeleka mpaka kaskazini zaidi na kuipa Tanzania maji mengi zaidi. Kwa hiyo wanasheria wengi wameona kwamba mstari wa latitudo uliinufaisha Kenya. Sababu za Tanzania kuukubali si mada yangu. Kilicho muhimu hapa ni kwamba maji ya kaskazini mwa Kigomasha, ambayo kwa mvuvi wa Msuka ni mbele ya nyumba yake, yaliangukia upande wa Kenya.

Pengine ndiyo sababu barua hizo hazikuishia kwenye mstari. Ziliongeza kifungu kuhusu uvuvi, na kifungu hiki ndicho kiini cha makala hii. Kwa maneno yangu mwenyewe, kinasema mambo matatu. Wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa ajili ya kujikimu wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mstari, kwa kufuata kanuni zilizopo. Kila nchi itatambua leseni, kanuni na desturi za mwenzake zinazowahusu wavuvi hao. Na uvuvi katika eneo hilo ni wa raia wa nchi hizo mbili tu.

Tuupime ukubwa wa ruhusa hii kwa macho ya baharia. Mkondo wenye upana wa kilomita 40 ni sawa na maili 21 au 22 za baharini. Mstari ukipita katikati, kila upande unabaki na maili 11 hivi. Maili 12 kila upande, basi, ni mkondo mzima pale palipo pembamba, kutoka ufuo hadi ufuo. Kwa karatasi, mwaka 1976 Kenya na Tanzania zilichora mpaka na papo hapo zikamwambia mvuvi mdogo kwamba kwake yeye mpaka huo haupo. Kwa serikali mbili zilizokuwa zimeanza kugombana, hilo si jambo dogo.

Maana zilikuwa zinagombana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa wakati barua zinaandikwa, na iliporomoka mwaka 1977. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ruhusa ya wavuvi ilikuwa na umri wa miezi saba tu mlango ulipofungwa. Makubaliano yenyewe hayakufutwa. Hati iliendelea kuwa hai kisheria. Lakini haki ya kuvua katika maji ya jirani ina thamani gani ikiwa huruhusiwi kushuka kwa jirani kununua maji ya kunywa?

Swali hilo linatufikisha kwenye kasoro kubwa ya kifungu. Kilisomeka kana kwamba mvuvi hutoka nyumbani asubuhi, huvuka mstari, huvua na kurudi nyumbani jioni. Mvuvi wa namna hiyo yupo, hasa wa Vanga na Jimbo anayevua karibu na mpaka. Lakini mvuvi wa dago hafanyi hivyo. Yeye analala ugenini. Anaanika ugenini. Anauza ugenini, kwa kuwa soko zuri la samaki wake liko Shimoni na Mombasa kuliko kwao. Kifungu hakikusema neno kuhusu kambi, kuanika, kuuza wala kukaa. Akiwa majini, mvuvi analindwa na makubaliano ya mataifa mawili. Akishuka na kukanyaga mchanga tu, anakuwa mgeni wa kawaida chini ya sheria za uhamiaji, anayehitaji hati ya kusafiria na kibali cha kukaa chenye tarehe ya mwisho.

Je, kuna namna nyingine ambayo mambo haya yangeweza kuandikwa? Ipo, nayo iko katika Bahari ya Shamu. Eritrea na Yemen zilipambana kwa silaha mwezi Desemba 1995 kwa ajili ya visiwa vya Hanish. Zikapeleka shauri mbele ya jopo la usuluhishi. Hukumu ya kwanza, ya 1998, iligawa visiwa, na vikubwa vya Hanish vikaenda Yemen. Lakini jopo likasema pia kwamba Yemen itakuwa na visiwa hivyo pamoja na utaratibu wa jadi wa uvuvi, ambao wavuvi wa pande zote mbili wataendelea kuufaidi kwa uhuru. Katika hukumu ya pili, ya 1999, jopo lilieleza maana ya utaratibu huo, na maelezo yake yanafanana sana na dago. Haki si ya kutupa nyavu tu. Ni pamoja na kupita kwa uhuru baina ya visiwa na pwani, kuingia bandari za upande wa pili, na kuuza samaki huko. Serikali haikuruhusiwa kuigeuza haki hiyo kuwa kibali cha kuombwa. Tena jopo lilisema kwamba mvuvi mdogo hapotezi sifa hiyo kwa sababu ameboresha chombo chake, ametia mashine au anatumia vyombo vya mawasiliano; kinachotengwa ni uvuvi mkubwa wa kibiashara na uvuvi wa raia wa nchi nyingine.

Tofauti ni ya mtazamo. Jopo liliwauliza watu wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakiishi vipi, kisha likaandika jibu kuwa sheria. Barua za 1976 zilichukua neno moja, kujikimu, na kuliacha bila maelezo. Mvuvi wa dago hujikimu kwa kuuza. Hawezi kula papa wa kilo 80 peke yake na mabaharia wake. Ikiwa kujikimu ni kuvua kitoweo cha nyumbani, basi dago halikuwahi kuwa ndani ya makubaliano hata siku moja. Ikiwa ni kuvua ili familia iishi, basi lilikuwemo tangu mwanzo. Binafsi nashika maana ya pili, kwa kuwa kifungu kinataja pia leseni na desturi, na mtu anayevua mboga ya jioni hahitaji leseni itambuliwe na taifa jirani. Lakini nakiri kwamba neno lenyewe linaweza kuvutwa upande wowote, na mvuvi si yeye anayelivuta.

Kasoro ya pili ilikuwa katika maneno "kanuni zilizopo". Mwaka 1976 kanuni zilizopo zilikuwa chache. Zilizokuja baadaye ni nyingi, na kila upande ulizitunga peke yake. Kenya ilitunga Sheria ya Uvuvi mwaka 1989 na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi mwaka 2016. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya 1970, kisha Sheria ya Uvuvi ya 2003. Lakini mvuvi wetu hatoki Bara. Uvuvi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 1988 na nyingine ya 2010. Kwa hiyo mambo ya nje, pamoja na barua za 1976, ni ya serikali ya Muungano, ilhali leseni ya mvuvi wa Kojani hutolewa na Zanzibar. Aliyeahidi kwamba leseni itatambuliwa siye anayeitoa. Sijaona mwanafunzi anayesomea Muungano akitaja mfano huu, ingawa kwa maoni yangu unafundisha zaidi kuliko mingi iliyozoeleka.

Hifadhi za bahari nazo ziliingia katikati. Kisite na visiwa vya Mpunguti, mbele ya Shimoni, vilihifadhiwa na Kenya katika miaka ya 1970, na mipaka ya sasa ikawekwa mwaka 1978. Kisite ni hifadhi kamili: kuvua ni marufuku kwa kila mtu. Mpunguti uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Eneo lote liko ndani ya maili 12 za makubaliano. Wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro walipoteza maeneo yao ya zamani wakiwa kwao, hivyo usishangae mgeni akipoteza pia. Upande wa Pemba, mwaka 2005 Zanzibar ilitangaza Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba katika pwani ya magharibi ya kisiwa. Sipingi hifadhi. Nasema tu kwamba pande zote mbili zilihifadhi mkondo mmoja kana kwamba kila upande una mkondo wake.

Kisha likaja suala la nyavu, na hapa lazima niwe mwadilifu kwa wenyeji, maana ni rahisi kuandika historia hii kana kwamba mgeni daima ndiye mwenye haki. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za samaki. Juya hukokota chini, hung'oa nyasi za bahari na kubeba wadogo na wakubwa pamoja, na kwa muda mrefu wenyeji wa pwani ya kusini ya Kenya wamelihusisha na wageni wa dago. Baadaye ikaja ringineti, nyavu ndefu za kuzungushia kundi la samaki, ambazo Wapemba walikuwa mstari wa mbele kuzitumia katika pwani hiyo. Chombo kimoja cha ringineti chenye mabaharia wengi kinaweza kuvua usiku mmoja kiasi ambacho mwenye mtumbwi na madema hakipati kwa wiki kadhaa. Mvuvi wa madema wa Gazi au Msambweni akilalamika, halalamiki kwa sababu ya ukabila. Analalamika kwa kuwa bei imeshuka na samaki wamepungua. Na yule mgeni, je? Mara nyingi nyavu na mashine si mali yake. Ni za tajiri, huenda wa Kenya hukohuko, na yeye hufanya kazi ili alipe deni. Desturi ya zamani, ya nahodha kwenda kwa wazee na kitoweo, ilitosha pale chombo kilipokuwa ngalawa ya watu wachache. Haikuundwa kwa ajili ya mtaji.

Tangu kanuni za 2007, mlango wa dago nchini Kenya si wazee tu. Ni vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo wavuvi wote huviita BMU. Mgeni hujiandikisha hapo, hutaja chombo na watu wake, hulipa, na hupewa masharti. Ukitazama vizuri, BMU ni ile desturi ya zamani iliyopewa daftari na muhuri: kujitambulisha, kusema utakaa muda gani, kuacha kitu kwa wenyeji. Nadhani hii ndiyo sababu imefanya kazi kwa kiasi fulani mahali ambapo sheria nyingine zimeshindwa. Lakini BMU haiwezi kumpa mtu kibali cha uhamiaji, na haisemi lolote kuhusu barua za 1976. Nahodha anaweza kuwa na ruhusa ya BMU mkononi na bado akawa mkosaji barabarani akipeleka ng'onda sokoni.

Walioumia zaidi si wale wanaorudi kwao kaskazi ikiisha. Ni wale ambao babu zao hawakurudi. Kuanzia miaka ya 1930 baadhi ya wavuvi wa Pemba walibaki katika pwani ya Kenya, wakaoa, wakazaa. Wengine waliwafuata baada ya Mapinduzi. Kenya ilipopata uhuru, uraia wa moja kwa moja ulimhusu aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Kenya pia. Wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Mvuvi aliyezaliwa Wete, aliyevuka chini ya bendera ya Sultani wake na hakuwahi kuvuka mpaka wowote alioufahamu, hakuona sababu ya kujiandikisha. Watoto wake wakarithi kosa hilo. Huku Kenya hawakuwa Wakenya, na Pemba hawakuwa na cheti wala mtu wa kuwakumbuka.

Hebu tusome tena kifungu kwa macho ya watoto hao. Eneo la maili 12 ni la raia wa nchi mbili. Wao hawakuwa raia wa hata moja. Hati iliyoandikwa kumlinda mvuvi wa mkondo wa Pemba ilimwacha nje yule aliyeishi mkondo huo kwa ukamilifu zaidi, mwenye makaburi ya pande zote mbili. Bila kitambulisho hakupata leseni ya uvuvi, wala laini ya simu kwa jina lake, wala akaunti ya kuwekea fedha. Alivua kama baharia katika chombo cha mwingine, au alivua kwa kificho, na samaki wake akauzwa kwa jina la mtu mwenye karatasi. Wamakonde wa Kenya, ambao hali yao ilifanana na hiyo, walitambuliwa mwaka 2017. Wapemba walisubiri hadi mwaka 2023: mwezi Julai mwaka huo Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho huko Kilifi, na Wapemba wakahesabiwa rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Wanakadiriwa kuwa watu 7,000 hivi, wengi wao wa kaunti za Kilifi na Kwale.

Katika muda huohuo mstari wa 1976 uliendelea na maisha yake ya fahari. Juni 2009 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano mapya yaliyouendeleza kwa latitudo ileile kupitia ukanda wa kiuchumi. Kenya iliposhtakiwa na Somalia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ilidai kwamba mpaka wake wa kaskazini nao ufuate latitudo, na ilionyesha ule wa kusini kama mfano. Mahakama, katika hukumu ya Oktoba 2021, haikukubali kwamba latitudo hiyo ilikuwa imekubaliwa na Somalia. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya zile barua mbili, ile ya mstari, imesomwa na majaji, mawakili na wachora ramani wa dunia nzima. Nusu ya pili, inayosema kwamba ndani ya maili 12 desturi za wavuvi zitatambuliwa, bado inatumika kisheria, na haijawahi kupata kanuni za utekelezaji zinazosema desturi hizo ni zipi.

Zikitungwa kesho, mwandishi wake atakuwa na mengi ya kuokota: orodha za wageni katika madaftari ya BMU ya Vanga na Shimoni, masharti wanayopewa, siku wanazokaa, nyavu wanazokatazwa. Na bado wapo manahodha wanaoweza kumweleza mlangoni kwa mzee husemwa nini kwanza, kabla ya jamvi kutandazwa.